Mtungi Uliosuguliwa

Kama hukuwahi kunywa urwarwa wa Agata wa Minago, pole yako, umechelewa. Urwarwa ni pombe ya ndizi, na mwambao huu mzima, kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, kila nyumba ina mtu anayejidai kuijua. Mimi sibishani nao. Nasema tu kwamba kwa Agata watu walikuja kwa baiskeli kutoka Kizuka, na wakarudi wakizisukuma baiskeli hizo kwa miguu, kwa sababu kuzipanda hawakuweza tena.

Ukiunywa, ndizi ilitangulia, tamu, ya kawaida. Halafu ulipodhani umemaliza, nyuma yake likaja jambo jingine: zito, kavu kidogo, lenye moshi wa mtama uliokaangwa. Watu walimuuliza Agata siri yake akawajibu, "Ni mambo ya mama yangu." Wakizidi kumsifu, alinuna. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," aliwaambia. "Nyamazeni, mnywe."

Siri ilikuwa kwenye mtungi. Mama yake alimpa siku ya harusi, kule Mishamo, Tanzania, walikoishi ukimbizini, na kabla ya hapo yeye mwenyewe alitengenezea humo impeke, pombe ya mtama, miaka na miaka. Mwaka 2009 walipopanda lori la kurudi Burundi, wenzao walibeba magodoro na mabati. Agata alipakata mtungi. Mumewe, Melkiades, akaachiwa ampakate binti yao wa pekee, Providence, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, mifupa mitupu, na njia nzima akalalamika kwamba mkewe amechagua mzigo laini.

Mwaka jana Agata aliugua tumbo, akafa. Siku mbili kabla, alimshika Melkiades mkono akamwambia, "Siku ya kuganduka, mtengeneze urwarwa kwenye mtungi wangu. Wanionje mara ya mwisho." Kuganduka ndiyo siku ya kuvua msiba. Waliokuzikia wanarudi, wanakula, wanakunywa, na wewe mfiwa unaruhusiwa kuwa mtu tena. Melkiades akaahidi.

Kwa mwaka mzima hakutengeneza pombe. Mtungi ulikaa kwenye kona ya jiko, mdomo umefunikwa jani kavu la mgomba. Mara kwa mara, akiwa peke yake, Melkiades alilifunua lile jani akaingiza pua. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, na aliona haya, lakini alikuwa na sababu. Sauti ya mkewe ilikuwa imeanza kumtoka. Picha aliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho Agata amekasirika. Lakini ndani ya mtungi alikuwa mzima kabisa.

Basi, siku kumi kabla ya kuganduka, Providence akaja kutoka Bujumbura. Alikuwa anafanya kazi kwenye baa ya hoteli moja kando ya ziwa, na alikuwa ameomba likizo yake yote aje amsaidie baba. Msichana mwenye moyo, huyo. Alileta mchele, alileta shati jipya la baba yake, akaleta na chupa moja aliyoifungia kwenye kanga katikati ya nguo zake. "Hii ni ya Jumapili, baba," alisema. "Usiniulize."

Siku ya tatu, Melkiades alikwenda shambani kufukia ndizi. Hapo kuna kazi: unachimba shimo, unalipasha joto kwa moto, unapanga ndizi mbichi, unazifunika majani na udongo, ziive humo siku nne au tano. Alirudi saa sita, mgongo ukimuuma, akakuta uani kitu ambacho kwanza hakukitambua.

Ulikuwa mtungi, umepinduliwa juani, mweupe kama mfupa.

"Baba, karibu!" Providence alitoka jikoni akijifuta mikono. Vidole vilikuwa vimechubuka. "Mungu wangu, ule mtungi! Ulikuwa na ukoko ndani, mweusi, unene wa kidole! Nimeusugua kwa waya, nikatia sabuni ya unga, haikutosha, nikatia javeli, ile dawa yetu ya mashuka hotelini. Mara tatu. Sasa hata mama mwenyewe angeukubali."

Jamani. Mtu anayejua pombe yetu akisikia hapo anashika kichwa. Mtungi wa pombe hausuguliwi. Unamwagiwa maji, unatikiswa, maji yanamwagwa, basi. Ule ukoko ndio mama wa pombe. Lakini Providence alikuwa ameondoka Minago mapema kwenda shule, na baadaye kazini, na hotelini wanamfundisha kwamba glasi ikibaki na harufu ya jana unafukuzwa. Nani alimwambia kuhusu mitungi? Hakuna.

Melkiades aliutazama mtungi. Akavitazama vile vidole. Neno lilimfika kooni, kubwa, la kuvunja nyumba, na akalimeza.

"Umefanya kazi, mama," alisema. "Murakoze. Asante sana."

Akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa chini kwenye shina la mchikichi, akalia kwa mara ya pili tangu mazishi.

Aliyemkuta pale ni Mwavita, jirani yao, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyekuwa rafiki wa Agata wa kufa na kuzikana. Mwavita ni Muislamu. Ulevi haujamgusa mdomo maisha yake yote, na kwa miaka kumi na tano alikuwa akikaa mlangoni kwa Agata na chai yake akiwacheka walevi.

"Weye Melkiades, iko nini? Mbona uko kama mutu amefiwa mara ya pili?"

Akamweleza. Mwavita akaweka sinia lake la ndagala chini.

"Yoo! Na javeli?"

"Mara tatu."

"Na mutoto anajua?"

"Hajui, na wewe usimwambie. Amekuja na likizo yake yote, Mwavita. Amechubuka vidole. Nikimwambia amemfuta mama yake kwa waya wa masufuria, ataishi vipi?"

"Ujue, mficha maradhi, kilio kitamufichua," Mwavita alisema. "Siku ya kuganduka watu watakunywa. Watu wa Kizuka wana ulimi, bwana. Watauliza. Hapo mbele ya watu wote ndiyo mutoto atajua?"

Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, tunaita gusogongera: anasimama, anakunywa mbele ya wageni ili waone hakuna sumu, kisha anatamka pombe yake ikoje. Hilo halikwepeki. Angesimama na kusema nini? Akisema ni urwarwa wa Agata, atakuwa amedanganya siku ya Agata. Akisema siyo, atakuwa amemchinja binti yake mbele ya kijiji. Siku zile alisuuza mtungi kwa maji ya ziwa, akaujaza, akaumwaga, akaujaza tena. Alipoingiza pua alisikia harufu ya hospitali.

Jumapili, baada ya misa, wakakaa uani watatu. Mwavita na chai yake. Providence akaitoa ile chupa. Ilikuwa imebaki robo tatu, kioo kizito, na ndani maji ya rangi ya asali nyepesi.

"Baba, wewe ndiye fundi. Nataka ulimi wako. Kuna mgeni mmoja kutoka Meksiko, mhandisi, alikaa kwetu miezi miwili. Siku ya kuondoka akaniachia hii. Inaitwa tekila. Si ya kiwanda kikubwa, mzee mmoja wa kijiji chao anaitengeneza kwa mkono, kama sisi."

"Ya ndizi?"

"Ya mmea unaofanana na mkonge."

"Mkonge? Ule wa kamba?"

"Ndugu yake."

"Haki ya Mungu, watu wanakunywa kamba!" Mwavita akapaliwa na chai.

Providence akammiminia kidogo kwenye glasi ndogo. Melkiades akafanya kama alivyofanya maisha yake yote. Kwanza pua, macho yamefumbwa. Halafu tone kwenye ncha ya ulimi. Halafu funda moja, akalizungusha mdomoni, akalimeza polepole. Iliwaka. Alikunja uso. Ikatulia, ukaja utamu, kama wa kiazi kitamu kilichochomwa na kusahaulika kwenye majivu. Alikuwa anataka kusema "si mbaya" na kuweka glasi chini, ndipo nyuma kabisa, mahali ambapo alikuwa hategemei tena kukutana na kitu, akausikia.

"Moshi," alisema.

"Umeusikia!" Providence alipiga makofi. "Wengi hawausikii! Subiri nikueleze, yule mhandisi alitueleza kila jioni mpaka wenzangu wakachoka. Hii tekila yenyewe haina moshi. Moshi si wake. Ni wa pombe nyingine, inaitwa meskali. Hiyo meskali, baba, wanachimba shimo, wanawasha moto, wanapanga mioyo ya ule mmea, wanaifunika udongo, siku kadhaa."

"Shimo?" Melkiades alifungua macho. "Kama letu?"

"Kama letu! Halafu meskali inalazwa kwenye mapipa ya mbao. Ikitoka, huyu mzee anakwenda kuyaomba yale mapipa matupu, na anailaza humo tekila yake, miezi. Pipa linaipa tekila kumbukumbu ya meskali. Yule mhandisi alisema mzee anayalinda mapipa kama watoto wake. Hataki mtu ayaguse. Hataki hata yaoshwe, kwa sababu ukiliosha pipa..."



Mkono wake ulikuwa bado umeshika chupa. Macho yakatoka kwenye chupa yakaenda jikoni, kwenye kona, kwenye ule mtungi mweupe. Yakakaa hapo. Mwavita alijifanya anatafuta kitu kwenye kikombe.

"Baba," Providence alisema. "Ule ukoko."

"Ukoko gani? Kunywa na wewe kidogo, mama, ni nzuri."

"Baba, usinifanye mtoto. Ule ukoko ndani ya mtungi ulikuwa uchafu?"

Melkiades alikuwa mwongo mbaya sana. Machozi yalimtangulia kabla ya neno.

Binti alilia, si kidogo. Alipiga goti uani akashika miguu ya baba yake, akasema amemuua mama yake mara ya pili, akasema kwa nini hukunipiga, kwa nini ulinishukuru. Mwavita naye akalia, na chai ikapoa. Melkiades akamwacha alie mpaka akafika mwisho. Kisha akamwinua, akamkalisha, akajimiminia funda la pili.

"Sasa nikuambie jambo," alisema, "na Mwavita ni shahidi. Mama yako angenikaba. Unakumbuka alivyosema siri ni ya bibi yako? Uongo. Bibi yako hakuwa na siri yoyote."

"Eh?" Mwavita alisogeza kiti.

"Tulikuwa tumeoana wiki moja. Wajomba zangu wakaja bila taarifa, watu saba. Nilikuwa nimeshakamua ndizi, maji yake yako tayari, chombo hakuna. Nikamwambia Agata, osha ule mtungi wa mama yako. Ulikuwa na masimbi, mashapo ya impeke, chini, yamegandamana. Akaingia ndani. Akatoka upesi mno. Nikamuuliza, umeosha? Akasema, nimeosha. Hakuosha hata tone! Alikuwa mvivu wa vyombo, Mungu amrehemu, mpaka anakufa alikuwa mvivu wa vyombo. Siku tatu baadaye wajomba wakaonja, wakasimama. Wakasema hawajawahi kuona urwarwa kama huo. Agata akanitazama. Nikamtazama. Akasema, 'Ni mambo ya mama yangu.'"

Mwavita alicheka mpaka kilemba kikamtoka. "Miaka yote ile! Alinificha hata miye!"

Providence alikuwa akicheka na kulia pamoja, pua imejaa. "Kwa hiyo mama alikosea kwa kutoosha."

"Na wewe kwa kuosha. Mmelingana."

Lakini mtungi ulikuwa bado mtupu, na zilibaki siku sita. Ni Providence aliyeiona njia. Alifuta uso, akasema, "Kama pipa liliipa tekila, mtungi si unaweza kupewa? Tuanze pale alipoanza mama. Tuutie impeke kwanza."

"Siku sita hazifanyi kazi ya miaka arobaini, mwanangu."

"Najua. Tuutie hivyo hivyo."

Jumatatu asubuhi akachukua pikipiki mpaka Kizuka, kwa mama mmoja anayetengeneza impeke, akarudi amekumbatia dumu. Wakaijaza mtungini, wakauacha siku mbili. Jumatano akaimwaga yeye mwenyewe, masimbi akayaacha chini, na Melkiades alimwona mkono ukimwasha kutaka kuchukua maji. Akaufunga mkono huo nyuma ya kanga. Ndizi zilikuwa zimeshaiva shimoni. Wakazikamua pamoja kwa majani, baba na binti, mpaka viwiko vikanata, wakamimina maji yake juu ya yale masimbi, wakanyunyiza unga wa mtama uliokaangwa, wakafunika kwa jani bichi. Providence alilisogeza jani, akalirudisha, akalisogeza tena. "Liache," baba alisema. "Pombe haipendi kuchunguliwa."

Jumamosi watu wakajaa. Wa Kizuka walikuja, baiskeli zao zikaegemezwa kwenye michikichi. Alikuja Dismasi, mzee mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliyekunywa kwa Agata tangu Mishamo. Padri alisali, jina la Agata likatajwa, na Melkiades akavaa shati jipya. Mtungi ukawekwa katikati. Providence akachota kibuyu cha kwanza, akampa baba yake kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka kwenye mlango wa jiko. Akasimama hapo, kanga begani, akiuma mdomo wa chini. Hivyo hivyo alivyokuwa akisimama Agata kila pombe yake ilipoonjwa. Melkiades hakuwa amewahi kuliona hilo kwa binti yake, au alikuwa hajatazama.

Akanywa.

Ndizi ilitangulia. Akasubiri. Akasubiri tena, watu wote wakisubiri naye. Nyuma kulikuwa na mtama, ndiyo, lakini mtama mchanga, mgeni, haujui bado uingie wapi. Agata hakuwemo. Alimtafuta mpaka chini ya kibuyu, hakuwemo. Na alipokuwa anangoja moyo uvunjike, kama alivyouandaa, ukakataa kuvunjika, kwa sababu macho yake yalikuwa mlangoni.

"Ndugu zangu," alisema. "Pombe ni salama. Lakini huu si urwarwa wa Agata."

Watu wakaguna. Kanga ya Providence ikapanda mdomoni.

"Agata ametutoka. Aliomba mumwonje mara ya mwisho, na mimi niliahidi, na nimeshindwa, nitamwomba radhi mwenyewe nikifika. Huu ni wa Providence. Mtungi wake una umri wa siku sita. Mnywe kwa heshima, kwa sababu mama yake siku ya kwanza hakufanya kazi hata nusu ya hii. Na mwakani mje tena muone umefika wapi."

Mzee Dismasi akapokea kibuyu. Akanywa, akakaa nacho mdomoni muda mrefu, mwovu huyo, wa makusudi. "Ni mchanga," alisema mwishowe. Akanyoosha kibuyu mbele. "Ongeza."

Basi watu wakacheka, wakanywa, wakamwimba Agata mpaka jua likaelekea milima ya Kongo, na ilipofika saa ya kwenda, wapo walioondoka wakizisukuma baiskeli kwa miguu. Mwavita aliwahesabu kutoka mlangoni, na chai yake.

Jumatatu Providence alifunga nguo zake. Kabla ya kwenda barabarani aliingia jikoni na ndoo ya maji, kwa mazoea tu. Alisimama mbele ya mtungi. Kisha akatoka nje na ndoo ileile, akaimwagia migomba.

"Nitakuja Pasaka, baba. Tutatengeneza mwingine. Usiuoshe."

"Nani, mimi? Mimi nimewahi kuosha chombo?"

Gari lilipoondoka, Melkiades alirudi jikoni. Alitazama nyuma, hakuna mtu. Akalifunua jani, akaingiza pua kama zamani. Mtama ulikuwepo. Ndizi ilikuwepo. Na chini kabisa, mbali, ndani ya udongo wenyewe ambako maji ya ziwa hayakufika, kulikuwa na kitu kidogo kikali kinachochoma pua. Javeli. Alikaa nayo kidogo, akaanza kucheka peke yake. Huyo alikuwa binti yake.

Akafunika mtungi vizuri, harufu isitoke.